Jina Barghash: Maana, Asili na Uhaba Wake

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa majina ya Kiarabu yaliyoingia katika historia ya Pwani ya Afrika Mashariki, ni machache yanayojulikana na watu wengi huku yakichukuliwa na watu wachache kama jina Barghash. Hakuna mwanafunzi wa historia ya Zanzibar asiyelifahamu. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi alipofariki mwezi Machi 1888. Ni katika enzi yake ambapo mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa, maji ya mfereji yakafikishwa mjini, na Beit al-Ajaib ikajengwa mnamo mwaka 1883. Pamoja na umaarufu wote huo, ni nadra kumkuta mtoto aliyepewa jina hilo. Majina ya ndugu zake wawili, Majid aliyemtangulia kitini na Khalifa aliyemfuata, yamejaa Pwani na bara. Jina lake yeye halikuenea.

Makala haya yanachunguza jina hili kwa mtazamo wa isimu ya majina. Suala linalojadiliwa si la Barghash peke yake. Vijitabu vya majina vinavyouzwa mbele ya misikiti na madukani vina desturi ya kulipa kila jina la Kiarabu maana ya kupendeza, kana kwamba hapajapata kuwa na mzazi Mwarabu aliyempa mwanawe jina lenye maana isiyopendeza. Dhana hiyo imepenya hata katika tasnifu za wanafunzi, ambapo maana ya jina huamuliwa kwa hisani badala ya ushahidi. Jina Barghash ni kipimo kizuri cha dhana hiyo, kwa sababu maana yake ya kikamusi haipambiki.

2.0 Mzizi na Maana

Barghash ni nomino yenye mzizi wa konsonanti nne, yaani b-r-gh-sh, katika ruwaza ambayo wanasarufi wa Kiarabu huiita fa'lal. Katika ruwaza hiyo yamo maneno kama 'aqrab (nge) na tha'lab (mbweha), na pia jina Ja'far, ambalo wanasarufi wenyewe wamezoea kulitumia kama kielelezo chake. Kamusi kongwe za Kiarabu hulieleza neno barghash kwa maana ya mbu. Katika lahaja za Shamu neno hilo lingali hai katika mazungumzo ya kila siku, nalo hutaja wale wadudu wadogo warukao kwa makundi na kuuma. Kwa Kiswahili, neno linalolingana nalo kwa ukaribu zaidi ni usubi, wala si mbu, kwa kuwa mbu kwa Kiarabu sanifu ni ba'udha, neno ambalo limo katika aya ya 26 ya Sura ya al-Baqara. Neno barghash halimo katika Kurani. Jambo hili, dogo kwa sura yake, litakuwa na uzito katika sehemu ya mwisho ya mjadala huu.

Karibu na barghash lipo burghuth, yaani kiroboto, ambalo hutofautiana nalo kwa konsonanti moja ya mwisho na kwa irabu. Mfanano huo si wa kushangaza. Kiarabu kina maneno mengi ya konsonanti nne yanayotaja viumbe wadogo, na konsonanti zake hubadilishana nafasi na sauti kwa namna isiyofuata kanuni kali kama ile ya mizizi ya konsonanti tatu. Hata hivyo, mfanano wa sauti peke yake hautoshi kumfanya mchunguzi adai kwamba neno moja limezaliwa na jingine.

Lipo jambo jingine linalotia utata. Kamusi hizo hizo zinataja kitenzi ibraghashsha, kwa maana ya kupata nafuu au kuinuka baada ya ugonjwa, na kukioanisha na kitenzi itraghashsha chenye maana hiyo hiyo. Anayetaka jina liwe na maana njema atakimbilia hapa. Atasema kwamba Barghash ni "aliyepona", na kwamba jina hili lilimfaa mtoto aliyeokoka maradhi. Hoja hiyo inavutia, lakini inakwama katika mofolojia. Kitenzi hicho ni cha mnyambuliko wa if'alalla, sawa na itma'anna (kutulia). Jina la mtenda linalotokana na mnyambuliko huo huanza kwa mu-, kama mutma'inn, "aliyetulia". Kwa hiyo "aliyepona" angeitwa mubraghishsh, si Barghash. Aidha, kuwapo kwa itraghashsha yenye t nzito mahali pa b kunaonyesha kwamba maana ya nafuu imebebwa na kitenzi katika umbo lake lote, bila uhusiano wowote na wadudu. Tulicho nacho, basi, ni mizizi miwili yenye sura moja. Jina la mtu limetoka katika ule wa usubi.

3.0 Kwa Nini Usubi?

Swali la kwa nini Waarabu waliwapa watoto wao majina ya wadudu, wanyama wakali na mimea michungu si jipya. Liliulizwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tena kwa kejeli, na watu waliotaka kuwadharau Waarabu kwa majina yao. Jibu maarufu kuliko yote lilitolewa na Ibn Durayd, aliyefariki mwaka 933, katika kitabu chake cha unyambulishaji wa majina kiitwacho al-Ishtiqaq. Ibn Durayd alizaliwa Basra, lakini nasaba yake ilikuwa ya Azd wa Oman, na vita vya Zanj vilipoifikia Basra alikimbilia huko huko Oman akaishi miaka kadhaa. Mtu huyu aliyaandika majina ya Kiarabu akiwa na ujuzi wa nchi ambayo, karne nyingi baadaye, ingeleta jina Barghash Zanzibar.

Katika utangulizi wa kitabu hicho yamo maelezo kwamba Waarabu waliwaita watoto wao kwa kuwakusudia maadui, na kuwaita watumwa wao kwa kujikusudia wenyewe. Mtoto wa kiume alipewa jina la kumtisha au kumkera adui: Sakhr (jabali), Harb (vita), Kulayb (kijibwa), Hanzala (tunda chungu la jangwani). Mtumwa, ambaye bwana wake angemwita mara nyingi kwa siku, alipewa jina la kuburudisha ulimi na moyo, la baraka, faraja au furaha. Mwanahistoria wa Pwani anayesoma maelezo hayo hawezi kukosa kuyakumbuka majina waliyopewa watumwa Zanzibar, kama Mabruki, Faraji na Baraka. Ugawaji wa majina kwa tabaka ulisafiri pamoja na watu.

Wadudu nao wana nafasi yao katika orodha hiyo. Sahaba anayejulikana kwa lakabu ya Abu Dharr aliitwa Jundub, yaani panzi, na hilo neno dharr katika lakabu yake hutaja sisimizi wadogo kabisa. Jina Qurad ni kupe. Jahsh, mwanapunda, limo katika nasaba ya Zaynab bint Jahsh, mkewe Mtume. Mdudu anayeuma hatishi kama simba, lakini ana sifa ambayo simba hana: hafukuziki. Huja kwa makundi, huingia popote, na humnyima usingizi mtu mwenye nguvu. Kwa jamii ya jangwani na mabondeni iliyoishi kwa kuvamia na kuvamiwa, hiyo ni sifa ya kijeshi.

Zipo pia sababu za kinga. Jina baya humkinga mtoto na kijicho, na humfanya asionekane kuwa kitu cha kutamaniwa na mauti. Desturi hii si ya Waarabu peke yao, na msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa. Jina Mbiti la Wakamba lina maana ya fisi. Waswahili na majirani zao wana Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko. Ingawa majina haya mara nyingine huhifadhi kumbukumbu ya hali ya wazazi wakati wa uzazi, pia hufanya kazi ya kumficha mtoto nyuma ya neno lisilotamanika. Sultani Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia mwaka 1806 hadi 1856, alizaa watoto wengi kuliko waliofikia utu uzima. Barghash, ambaye mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, alizaliwa katika nyumba iliyozoea kuzika watoto. Katika mazingira hayo, maelezo ya kinga yana uzito usiopungua ule wa maelezo ya adui, wala hakuna haja ya kuchagua moja. Jina moja laweza kumfukuza adui na kumpumbaza husuda.

Ikumbukwe kwamba Uislamu haukuyafuta majina ya aina hii kwa jumla. Mtume alibadilisha baadhi ya majina. Mwanamke aliyeitwa 'Asiya, kwa maana ya mwasi, alimwita Jamila. Mtu mmoja aliyeitwa Hazn, yaani ardhi ngumu yenye mabonde na mawe, alimpendekezea aitwe Sahl, ardhi tambarare. Mtu huyo alikataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake, mwanachuoni Said bin al-Musayyab, alisimulia kwamba ugumu haukuondoka katika ukoo wao. Lakini Jundub alibaki Jundub, na Hanzala alibaki Hanzala. Mpaka uliowekwa ulikuwa baina ya jina linalobeba uovu na jina linalotaja kiumbe tu. Usubi ni kiumbe.

4.0 Barghash na Vargas

Anayefuatilia jina hili nje ya Oman na Pwani atakutana na mtego mmoja unaostahili kutajwa. Katika mji wa Rabat, Morocco, upo ukoo mashuhuri uitwao Bargash, ambao jina lake hufanana sana na la Sultani wa Zanzibar. Muhammad Bargash aliiwakilisha Morocco katika mkutano wa Madrid wa mwaka 1880, wakati ambapo Barghash bin Said alikuwa kitini Zanzibar. Mtu anayetegemea maandishi peke yake atadhani kwamba jina hili lilienea kutoka Ghuba hadi Atlantiki.

Sivyo. Ukoo wa Rabat asili yake ni Waislamu wa Hispania waliofukuzwa mwanzoni mwa karne ya 17, na jina lao ni Vargas la Kihispania lililovaa nguo za Kiarabu. Mabadiliko yake yanaeleweka vizuri. Kiarabu hakina v, hivyo b ikachukua nafasi yake.  Nayo s ya Kihispania cha wakati ule masikioni mwa Waarabu wa Andalusi ilikaribia sh, na ndivyo walivyoiandika walipoandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu. Matokeo yake ni neno ambalo kwa bahati tu linafanana na jina la usubi. Huu ni mfano ambao walimu wa isimu historia wangefaa kuuweka karibu: sura zinazofanana, karne ile ile, dini ile ile, na asili mbili zisizojuana.

5.0 Jina Katika Kinywa cha Mswahili

Jina lilipofika Pwani lilikutana na kanuni za silabi za Kiswahili, ambazo hazipendi silabi funge. Mwisho wake ulipata irabu i, kama ilivyo kawaida baada ya konsonanti zinazotamkiwa mbele ya kinywa: Rashid huwa Rashidi na Hamad huwa Hamadi, tofauti na Rajab, Salim na Yusuf ambayo huishia kwa u kwa sababu ya midomo. Hivyo likapatikana Barghashi. Mkutano wa rgh katikati ya neno ulitatuliwa kwa njia mbili. Wengine waliuacha, wakapunguza tu gh kuwa g: Bargashi. Wengine waliupasua kwa kuingiza irabu iliyonakiliwa kutoka silabi jirani: Baraghashi. Njia hii ya pili ndiyo iliyotupa marahaba kutoka marhaba, baraza kutoka barza, na, kwa mikutano yenye gh yenyewe, shughuli kutoka shughl.

Umbo Burghash linalopatikana katika maandishi ya Waingereza wa karne ya 19 lisichukuliwe kuwa jina jingine wala tamko la lahaja. Ile u ni ya tahajia ya Kiingereza ya wakati huo, ambayo ilitumia herufi hiyo kuandika a fupi ya lugha za Mashariki. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili wa baadaye wameinakili bila kuuliza.

Utata mwingine ni wa cheo. Katika masimulizi ya Kiswahili Sultani huyu huitwa Saidi Bargashi. Saidi hiyo ni Sayyid, yaani bwana, wala si Sa'id, mwenye bahati, ambalo ndilo jina la baba yake. Kiswahili cha wengi kimeyafinyanga maneno hayo mawili yakawa moja. Msomaji asiye mwangalifu humgeuza Saidi Bargashi kuwa "Saidi mwana wa Bargashi", na hivyo kumpoteza mtu mzima katika nasaba.

6.0 Kutoka Mtu Hadi Kofia

Majengo ya Barghash hayakuchukua jina lake. Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ina jina la maajabu; hamamu aliyoijenga Mji Mkongwe imeupa mtaa jina la Hamamni, na jumba la Marhubi nalo halina jina lake. Sarafu alizozitoa mwaka 1882, zenye picha ya mizani, zilikuwa na jina lake lakini watu waliziita pesa. Kilicholibeba jina hilo hadi katika kamusi ni kofia.

Neno hilo hupatikana kwa sura kadhaa: bargashia, baraghashia, na lile lililoshika zaidi, barakashia. Umbo lake ni nisba ya Kiarabu yenye kiambishi -iyya, ambacho Kiswahili hukitamka -ia, kama katika majina ya tarika Kadiria na Shadhilia. Barghashiyya, kwa hiyo, ni "ya Barghash". Irabu ya kupasua mkutano imo, kama ilivyoelezwa katika sehemu iliyotangulia, na huo ni ushahidi kwamba Baraghashi lilikuwa tamko la watu wa kawaida, kwani kofia haikupewa jina na makarani. Kubadilika kwa gh kuwa k hakuelezeki kwa fonolojia peke yake. Gh ya Kiswahili ikidhoofika huwa g, si k. Hapa yaelekea neno baraka limeingilia kati: mzungumzaji asiyemjua Barghash alisikia katika neno geni silabi tatu za neno alilolipenda, akazikamilisha. Kofia huvaliwa msikitini, harusini na mazikoni, na hakuna vazi linalostahili zaidi kubeba baraka.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba picha zinazojulikana za Barghash zinamwonyesha akiwa na kilemba. Nisba hiyo basi inaelekea kuitaja zama kuliko kichwa: kofia ya siku za Barghash, ya mtindo uliopata nguvu mjini alipokuwa mtawala. Kwa vyovyote vile, usubi umegeuka baraka kwa njia ya kofia, na hapana hata mmoja aliyekusudia.

7.0 Uhaba wa Jina

Huko Oman na katika nchi za Ghuba jina Barghash lingali likitumika, kama jina la mtu na la ukoo, ingawa si miongoni mwa majina ya kila siku. Katika Pwani ya Afrika Mashariki ni adimu zaidi. Ni rahisi kulieleza jambo hili kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, yaliyouondoa utawala wa Busaidi. Maelezo hayo hayatoshi. Khalifa bin Harub alitawala kuanzia mwaka 1911 hadi 1960, na jina Khalifa halikukimbiwa. Aidha, tangu mwaka 1888 hadi 1964 hakuna sultani mwingine wa Zanzibar aliyeitwa Barghash. Waliofuata waliitwa Khalifa, Ali, Hamad, Hamud, Abdullah na Jamshid. Uhaba ulitangulia Mapinduzi.

Sababu ya msingi imo katika jinsi majina yanavyopatikana. Mswahili hupata jina la mwanawe kutoka vyanzo vichache vinavyojulikana: majina ya Mitume na masahaba, majina yaliyoanza kwa Abdu, siku na miezi kama Juma, Hamisi, Rajabu na Ramadhani, na zaidi ya yote jina la babu. Majidi na Khalifa yalikwisha kuwa na njia nyingine za kuingia: Majid ni neno la sifa njema, na Khalifa ni neno la Kurani na la historia ya dini. Umaarufu wa masultani ulimwagika katika mto uliokuwa ukitiririka. Barghash halikuwa na mto. Halimo katika Kurani, halikubebwa na sahaba mashuhuri, halimo katika kalenda, na mwenye kujua Kiarabu akiulizwa maana yake hujibu kwa kusitasita. Lilibakiwa na njia moja tu, ile ya babu, na njia hiyo hupita ndani ya ukoo.

Hata ndani ya ukoo halikuwa na bahati. Khalid bin Barghash alishika kiti mwezi Agosti 1896, na tarehe 27 mwezi huo manowari za Kiingereza zilimng'oa kwa vita visivyotimiza saa moja. Alikimbilia kwa Wajerumani, akaishi uhamishoni, na kufariki Mombasa mwaka 1927. Kwa kizazi kizima, Barghash lilisikika zaidi kama jina la baba wa mtu aliyeshindwa.

Hapo ndipo tofauti ya jina la mtu na neno la kawaida inapoonekana wazi. Jina la mtu huhitaji mtu wa kulirithisha, na anayelirithisha huuliza maana yake. Neno la kawaida halihitaji ruhusa ya yeyote. Barakashia hununuliwa Lamu, Kigoma na Bujumbura na watu ambao hawajapata kumsikia Sayyid Barghash, na mafundi huzidarizi bila kujua kwamba wanataja usubi kwa Kiarabu.